Mkunjo Uliobaki Wazi

Usenge, 3 Februari 2024

Kwa Nelima, mke wa mwanangu,

Amosi, nakusalimu. Habari za Migosi, na hao watoto wa shule unaowafundisha? Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kushoto linanisumbua kila mvua ikinukia kuja. Omena, dagaa wetu wa ziwani, zimejaa. Jua la kuzianika ndilo linatufanyia maringo.

Usishangae kuona barua. Simu yangu imeharibika, siku hizi haijui kusema polepole. Ukinipigia, bichi nzima inasikia habari za nyumba yangu. Swaumu, yule mama anayenunua omena zangu na kuzipeleka Kisumu, atakuletea hii ndani ya gunia. Ikinuka vumilia, ndiyo harufu iliyomsomesha mumeo. Naandika Kiswahili kwa sababu Dholuo yako bado ni ya kuombea chumvi tu, na Kibukusu mimi sikiwezi.

Nimefurahi kwamba ulijifungua salama. Nimemshukuru Mungu kwa magoti yote mawili, hata hili bovu. Lakini mumeo Opondo ameniambia kwamba mtoto ana tundu shingoni, upande wa kulia, na linatoa maji. Alilitaja kama mtu anayetaja mbu. Mimi sikulala.

Nelima, nitasema wazi. Krismasi ulipokuja hapa na tumbo lako kubwa, uliletewa samaki, ngege. Ukachukua kisu, ukampasua chini ya shavu, ukakuta amebeba watoto mdomoni. Badala ya kuacha, ukawaita watoto wa dala hii, boma zima, ukawaonyesha vile visamaki na vifuko vyao vya kiini, huyu jicho, huyu mkia. Mwalimu hana likizo, najua. Lakini mama mkwe wangu aliacha mwiko katika nyumba hii: mwenye mimba hapasui ngege aliyebeba. Ulimkata samaki shingoni, na mtoto amekuja na alama shingoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu si lako, ni la mtoto.

Mlete kabla ya Pasaka. Mama Debra wa hapa bichi anajua mzizi ambao majivu yake huziba tundu kama hilo. Msichelewe. Jina nitampa nikimshika, na nitamshika akishasafishwa.

Msalimie mume wako, mwambie ale, amekonda.

Ni mimi,
Mama Opondo


Migosi, 11 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa goti. Barua ilifika ikinuka vizuri, na Opondo aliinusa kwanza kabla ya kuisoma. Mimi nimepata nguvu, nakula, na mtoto ananyonya kama anayedai deni. Alizaliwa asubuhi jua likitoka, kwa hiyo majirani wote wanamwita Akinyi. Nimewaambia wasubiri, jina litatoka Usenge.

Mama, tundu nimelionyesha kwa daktari. Amesema halina hatari likiwekwa safi, lisibanwe, lisitiwe kitu chochote. Akikua kidogo atafanyiwa upasuaji mdogo na litaisha. Kwa hiyo majivu hapana. Naomba unisamehe, lakini hapo sitasogea.

Na yule ngege hana kosa, wala mimi. Nikueleze jinsi ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Mtoto anapoanza tumboni, akiwa bado mdogo kuliko punje ya mchele, tunamwita kiinitete. Wakati huo ana mkia. Na shingoni ana mikunjo, imepangana kama mikunjo ya shingo ya mtoto mnene. Samaki naye akiwa kiinitete ana mikunjo hiyo hiyo, mahali hapo hapo. Kifaranga ndani ya yai anayo. Kwa samaki, mikunjo inaendelea kuwa matamvua, yale mekundu anayopumulia. Kwetu inageuka kitu kingine: taya, vifupa vya ndani ya sikio, koromeo la kutolea sauti. Mifereji iliyo katikati hufungika na kupotea. Kwa mtoto wetu mfereji mmoja haukufungika wote. Hilo ndilo tundu.

Kuku haogelei, Mama. Kwa nini basi aanze na shingo ya namna moja na samaki? Kwa sababu sote, samaki, kuku na sisi, tumetoka kwa mzazi mmoja wa zamani sana, na kila kiumbe kinapotengenezwa tumboni bado kinapitia sehemu ya njia ile ya zamani. Hata chatu, akiwa ndani ya yai, huanza kuota vichipukizi vya miguu ya nyuma, halafu vinakwama. Asiye na babu mwenye miguu angeiotesha ya nini?

Mikunjo hiyo huja na kufungika katika miezi miwili ya kwanza. Kwa mimba yangu hiyo ilikuwa Mei mwaka jana, niko hapa Migosi, sijui hata kama nina mimba, nasahihisha mitihani. Ngege nilimpasua Desemba. Mlango uliokuwa wazi tangu Mei haufunguliwi na kisu cha Krismasi.

Tunakungoja uje umshike.

Mwanao,
Nelima


Usenge, 25 Februari 2024

Nelima,

Habari zenu. Sisi wazima.

Nimesoma. Nilikuambia mjukuu wangu ana alama ya samaki, ukaniandikia ukurasa mzima kunijibu kwamba hapana, ni samaki mwenyewe. Mchungaji Wesonga nilimsomea kidogo, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema babu yake hakuwa kambare.

Mumeo alikuja Jumapili. Nikamwambia kuhusu Mama Debra, akasema, "Mama, mimi siwezi kumvuta mke wangu." Nikamwambia, "Wewe baba yako angevuta." Akaondoka bila kula. Kuku niliyemchinja wamemla majirani, wamefurahi sana.

Mimi sina hasira. Nimekuuliza jambo moja kichwani mwangu kila ninapogeuza omena, na sipati jibu. Kama sote tulikuwa na mikunjo hiyo, mimi, wewe, mchungaji, mbona yetu ilifungika na wake ukabaki? Hapo ndipo mwiko wangu unapoingia na elimu yako inapotoka.

Bado naogopa mtachelewa. Hujui mimi ninaogopa nini.

Mama Opondo


Migosi, 3 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Umelalaje, na goti? Opondo amerudi na njaa na aibu, amekula ugali wa watu watatu. Anasema pole kwa kuku. Mimi nasema pole kwa barua yangu. Niliandika kama ninayemsomea mtu darasani, na wewe si mwanafunzi wangu, wewe ni mama wa nyumba ninayolala.

Mwambie mchungaji babu yake hakuwa kambare, wala sijasema hivyo. Kambare ni binamu, tena wa mbali mno. Wote wawili walikuwa na babu mmoja ambaye hakuwa kambare wala mchungaji.

Wala sijamtoa Mungu, Mama. Naimba kwaya moja na wewe nikija huko. Fikiria jikoni kwako. Baba mkwe wangu Joram, Mungu amrehemu, aliziba mlango wa zamani akafungua mwingine upande wa ziwani. Lakini mvua ikipiga ukuta ule, umbo la mlango linajitokeza, na ulinionyesha mwenyewe. Nyumba haikubomolewa ikajengwa upya. Iliongezwa na kurekebishwa, mtu akiwa anaishi ndani. Miili yetu iko hivyo. Mimi nikiona umbo la mlango ukutani sisemi kwamba hakuna mjenzi. Nasema tu kwamba hapa palikuwa na mlango.

Swali lako ni zuri na nitakujibu kwa haki. Kwa nini wake ulibaki wazi, mara nyingi hata daktari hajui. Kazi ni ndogo na ni nyingi, wakati mwingine sehemu moja haikamiliki. Mara nyingine hurithiwa. Daktari alituuliza kama katika ukoo kuna mwingine aliyezaliwa na tundu kama hilo. Kwetu hakuna. Opondo akasema kwenu pia hakuna.

Namtuma Swaumu na kioo cha kukuzia, kile ninachotumia shuleni. Usiniamini mimi. Kuku wako akilalia, yai likiwa na siku nne chini yake, lichukue moja, lipasue polepole kwenye sahani nyeupe juani, uangalie chini ya kichwa. Najua yai ni kifaranga na kifaranga ni kuku. Nitakurudishia tetea.

Na nikutanie kidogo, maana nimekumisi. Katika dala nzima wewe ndiye usiyeshika kisu cha samaki. Wake wa mashemeji zangu wanasema Mama ni malkia, samaki wanapasuliwa na wengine. Basi hili yai lipasue mwenyewe.

Mwanao,
Nelima


Migosi, 19 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Nauliza kwa kweli, si kwa desturi.

Machi imepita, Pasaka imepita, mvua imepita na kurudi. Swaumu anasema kioo alikupa mkononi, ukakitia kifuani. Anasema wewe ni mzima, unauza, unapunguza bei kwa shingo upande kama kawaida. Ila hakuna barua. Opondo amekupigia, ukamwambia bichi inasikia, ukakata.

Kama nimekukosea kwa utani wa kisu, nisamehe. Nilikuwa nacheka nawe.

Tundu liliwahi kuvimba mwezi uliopita, na homa kidogo. Tulikimbia hospitali, akapewa dawa, siku chache tu likatulia. Sikutaka ulisikie kwa Swaumu. Sasa anacheka akiona feni. Watu wanamwita Akinyi, mimi namwita Mtoto, na amefika umri wa kugeuka akiitwa. Anageukia neno Mtoto. Mama, tafadhali.

Mwanao,
Nelima


Usenge, 30 Mei 2024

Nyathina, mtoto wangu Nelima,

Amosi, mwanangu. Mnaendeleaje, na homa ya mtoto ilirudi? Niandikie hilo kwanza. Mimi mwili ni mzima. Kalamu ndiyo ilikuwa nzito.

Yai nililipasua mwezi wa nne. Nilingoja wote waende sokoni, maana mtu akiniona na yai na kioo juani atasema mzee ameanza wazimu. Nilidhani nitaona ute na damu. Nelima, kulikuwa na kitu kinapiga. Kidogo kama mbegu ya nyanya, chekundu, kinapiga. Mishipa imesambaa pande zote kama mizizi ya gugu maji. Nikaweka kioo. Jicho kubwa jeusi. Mkia umejikunja. Na chini ya kichwa, pale uliposema, mikunjo. Midogo, imepangana. Niliitazama mpaka kile kitu kikaacha kupiga, nikaona aibu, nikakifukia nyuma ya jiko.

Halafu nikaenda kwa wapasua samaki, nikaomba mmoja anifunulie ngege shavu. Nikayatazama matamvua mekundu, na ile mifupa iliyopinda inayoyashika, mmoja nyuma ya mwingine. Akaniuliza, "Mama, leo unatafuta nini kwa ngege?" Nikamwambia, "Natafuta binamu." Akacheka. Sikuwa nacheka.

Sasa nikuambie kwa nini nilinyamaza. Si utani wa kisu. Ni swali la daktari.

Opondo alisema kwetu hakuna. Opondo hajui. Baba yake Joram alijua, naye amelala kaburini.

Nilizaa mtoto kabla ya Opondo. Msichana. Ilikuwa mwaka ule wa njaa, mahindi yakipimwa kwa mkebe wa gorogoro. Alizaliwa asubuhi, tukamwita Akinyi. Alikuwa na tundu shingoni upande wa kulia, linatoa maji. Mama mkwe wangu aliniuliza kama nilipasua ngege aliyebeba. Mwanangu, mimi nilikuwa mke mpya katika nyumba ya wavuvi. Nilipasua kila kilichowekwa mbele yangu. Nikasema ndiyo, nadhani ndiyo. Basi ikawa ni mimi.

Wakaweka majivu. Mimi ndiye nilishika miguu yake. Tundu likaziba juu, likavimba chini, shingo ikawa kama embe, homa ikaja. Hakumaliza mwezi wa tatu. Waliniambia tulichelewa, kwamba ningesema kosa langu mapema majivu yangeshika. Ndiyo sababu niliwaambia msichelewe. Nilifikiri ninamwokoa huyu kwa kile kilichomkosa yule.

Tangu hapo sijapasua samaki. Mnasema ni umalkia, acheni mseme. Nilichagua omena kwa sababu omena hapasuliwi. Unamwanika mzima, unamuuza mzima. Miaka yote hii watu wananisifu kwa biashara, na mimi nilikuwa nakimbia kisu tu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeyaficha, na ningewaletea kifo kingine nyumbani kwa mkono wangu. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanguka, niliposoma kwamba lilivimba nanyi mkakimbilia dawa.

Sitaki ukurasa. Sitaki chatu wala jikoni. Nijibu swali moja kama unavyomjibu Mungu. Tundu la mtoto wangu lilikuwepo kabla sijajua kwamba nimembeba, ndiyo au hapana?

Mama yako,
Aoko


Migosi, 1 Juni 2024

Mama yangu,

Swaumu anangoja mlangoni, nimemwomba asubiri. Anarudi Usenge leo leo.

Ndiyo.

Lilikuwepo kabla hujajua. Lilikuwepo kabla ya samaki yeyote uliyempasua ukiwa unajijua una mimba. Hukumkata mtu, Mama. Mfereji wa zamani, ambao sisi sote tumepita nao, haukufungika kwa mwanao, kama ambavyo haukufungika kwa mjukuu wako. Pengine ulipita kwako, pengine kwa Baba Joram, kama vile Opondo alivyopata masikio yenu. Kurithi si kosa. Hakuna aliyekuchagulia shingo.

Kuhusu majivu sitakudanganya, kwa sababu umeniomba nijibu kama ninayemjibu Mungu. Majivu yalimdhuru. Lakini hayakuwa mawazo yako, na ulikuwa msichana mdogo katika nyumba ya watu, ukishika miguu ya mtoto uliyeambiwa anatibiwa. Mimi nina daktari umbali wa kutembea, na bado nililia alipovimba. Wewe ulikuwa na nani?

Homa haijarudi. Nimemsomea Opondo barua yako. Alitoka nje, akarudi akaniuliza, "Kwa hiyo mimi si kifungua mimba?" Kisha akauliza dada yake amezikwa wapi. Mama, atakuuliza na wewe. Mjibu.

Nimelia kwenye hii karatasi, samahani kwa wino.

Mwanao,
Nelima


Usenge, 5 Juni 2024

Nelima mwanangu,

Habari za asubuhi. Nimelala. Naandika hilo kwanza kwa sababu ni habari.

Opondo alinipigia. Nilimwambia bichi inasikia, akasema, "Isikie, Mama." Basi nikamwambia, kwa sauti, nikiwa katikati ya nyavu za kuanikia, kwamba dada yake amelala nyuma ya nyumba ya zamani, karibu na ule mkuyu mdogo, na kwamba hakuwa na kosa, wala mimi. Wanawake waliacha kugeuza omena. Mama Debra alikuwa pale. Baadaye alikuja akakaa nami, akaniuliza huyo daktari wenu yuko hospitali gani, ana mjukuu mwenye tundu karibu na sikio. Mwandikie jina la hospitali, Swaumu atamletea.

Mchungaji Wesonga nimempa kioo, na yai. Alikubali kwa kiburi, akarudisha kioo kwa mikono miwili. Anasema bado hakubali binamu, lakini hatacheka tena. Kwa mchungaji hiyo ni safari ndefu.

Jumamosi nakuja na Swaumu. Goti litakuja pia, siwezi kuliacha. Usiende sokoni na usimwombe jirani msaada wa kupika. Nitaleta ngege mwenyewe, mkubwa, wa asubuhi ile ile. Wake wa mashemeji zako wamesikia, wanataka kupanda gari waje kuona, nimewakataza.

Mtoto alizaliwa asubuhi, kwa hiyo anaitwa Akinyi. Umwambie leo, kabla sijafika, ili nikimwita ageuke.

Na kisu chenu hapo Migosi najua ni butu, Opondo hajawahi kujua kunoa. Mwambie akinoe, akiweke juu ya meza.

Mama yenu,
Aoko, nyanya yake Akinyi